William Harvey na Safari ya Damu

Watu wakaao chini ya milima ya Uluguru wamezoea kusikia maji yakishuka mchana na usiku. Mto Morogoro hupita mjini ukajitia katika Ngerengere. Ngerengere hujitia katika Ruvu. Na Ruvu huingia baharini karibu na Bagamoyo. Maji hayo hushuka miaka nenda miaka rudi, wala milima haiishiwi, kwani jua huyainua maji ya bahari yakawa mvuke, na pepo za Bahari ya Hindi huuchukua mvuke huo mpaka kwenye vilele vya Uluguru, na huko hugeuka kuwa mvua tena. Huenda maji yaliyopita Ruvu zamani ndiyo yanyeshayo leo Matombo na Kinole.

Jambo hilo kila mwanafunzi hufundishwa. Lakini ndani ya mwili wa kila mtu umo mto mwingine, mwekundu, nao huenda na kurudi vivyo hivyo. Na habari za mto huo hazikujulikana sawasawa mpaka karne ya 17. Aliyezieleza alikuwa tabibu Mwingereza, mtu mfupi wa kimo, mwenye nywele nyeusi na macho madogo meusi yenye kung'aa. Jina lake William Harvey.

Harvey alizaliwa tarehe 1 Aprili 1578 katika Folkestone, mji wa pwani upande wa kusini-mashariki wa Uingereza. Baba yake alikuwa mtu mwenye mali, naye William alikuwa wa kwanza katika watoto tisa. Ndugu zake kadha walishika biashara wakatajirika London. Yeye alishika vitabu. Alipokuwa mwenye miaka 10 alipelekwa shule katika mji wa Canterbury, akafundishwa Kilatini. Siku zile vitabu vyote vikubwa vya elimu katika Ulaya viliandikwa kwa lugha hiyo, na asiyeijua alikuwa kama mtu aliyesimama nje ya nyumba iliyofungwa. Mwaka 1593 akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge, akamaliza mwaka 1597. Kisha akavuka bahari kwenda Italia, katika mji wa Padua, kwa maana matabibu waliosifiwa kuliko wote katika Ulaya walifundisha huko.

Chuo cha Padua kilikuwa na jumba la kufundishia habari za mwili, nalo lingali lipo hata leo. Ni kama kisima kirefu cha mbao: chini kabisa ni meza, na juu yake pande zote zimo ngazi sita za duara, moja juu ya nyingine. Wanafunzi walisimama katika ngazi hizo wamebanana, wakitazama chini, na mishumaa iliwashwa kuizunguka meza. Juu ya meza uliwekwa mwili wa maiti, na mwalimu akaupasua na kueleza kila kiungo. Mwalimu mkuu wa siku hizo aliitwa Fabricius, na katika wanafunzi waliomtazama alikuwamo Harvey.

Yafaa kueleza watu wa zamani hizo waliamini nini. Waliamini maneno ya Galen, Mgiriki aliyezaliwa mwaka 129 baada ya Kristo, naye aliwatibu hata makaisari wa Roma. Galen alifundisha ya kuwa chakula hugeuzwa kuwa damu ndani ya ini. Kisha damu hiyo hutoka inini kwa njia ya mishipa, hufika kila mahali pa mwili, na huko hutumika ikaisha, kama maji yamwagwayo shambani yakanywewa na udongo. Kwa hiyo ilimpasa mtu kutengeneza damu mpya kila siku. Alifundisha pia ya kuwa katika ukuta ugawao moyo katikati yamo matundu madogo sana, na damu hupenya humo kutoka upande wa kuume mpaka upande wa kushoto.

Hakuna aliyepata kuyaona matundu hayo. Lakini kwa kuwa Galen alisema yapo, watu walisema yapo, kwa muda wa miaka 1,400. Wachache tu walikana. Katika karne ya 13, tabibu mmoja Mwislamu aliyekaa Cairo, jina lake Ibn al-Nafis, aliandika ya kwamba ukuta wa moyo hauna tundu hata moja, na ya kwamba damu hupita mapafuni ipate kufika upande wa pili. Realdo Colombo, aliyekuwa mwalimu wa Padua kabla ya Harvey kuzaliwa, alisema vivyo hivyo katika kitabu cha mwaka 1559. Hata hivyo waalimu wengi waliendelea kumfuata Galen.

Basi Fabricius alikuwa amevumbua kitu kimoja cha ajabu. Aliipasua mishipa ile irudishayo damu, iitwayo vena, akaona ndani yake vilango vidogo vyembamba kama utando, ambavyo matabibu huviita vali. Akawaonyesha wanafunzi wake, akaandika kitabu juu yake mwaka 1603. Lakini hakuelewa kazi ya vilango hivyo. Alidhani vimewekwa kupunguza mwendo wa damu tu, isije ikajaa yote mikononi na miguuni. Aliuona mlango, asiulize wafunguka upande gani. Swali hilo lilikaa katika kichwa cha mwanafunzi wake.

Harvey alipata shahada ya utabibu Padua mwaka 1602, akarudi Uingereza. Mwaka 1604 alimwoa Elizabeth Browne, binti wa tabibu wa malkia. Hawakujaliwa watoto. Bibi huyo alikuwa na kasuku ampendaye sana, ambaye alizoea kukaa mapajani pake na kusema maneno. Kwa sababu alisema vizuri, wote wawili walidhani ni dume. Kasuku alipokufa, Harvey akampasua, kama alivyopasua kila kitu, akakuta yai tumboni. Habari hiyo aliiandika baadaye katika kitabu, wala hakuona haya kusema ya kuwa walikosea.

Mwaka 1609 alifanywa tabibu wa Hospitali ya St Bartholomew katika London, iliyotunza maskini. Angalau siku moja katika juma ilimpasa kukaa mezani katika ukumbi mkubwa, na wagonjwa wakaletwa mbele yake mmoja mmoja. Mwaka 1618 akawa mmoja wa matabibu wa Mfalme James, na baada ya mfalme huyo kufa, akamtumikia mwanawe, Mfalme Charles. Kazi hizo zingetosha kumchosha mtu yeyote. Lakini saa zake za faragha alizitumia kuchungulia mioyo.

Alipasua mbwa na nguruwe, nyoka na vyura, samaki na konokono, na hata kamba wadogo wa mto Thames ambao miili yao hupenya nuru, hivyo moyo huonekana ukipiga ndani bila kupasuliwa. Jumla ya viumbe aliowachunguza yapita aina 60. Mwanzo ilimtatiza sana. Moyo wa mnyama mwenye damu moto hupiga upesi mno, ukikunjuka na kukunjamana kama umeme, hata asiweze kusema ni wakati gani unajaa na wakati gani unatoa. Alikaribia kukata tamaa na kusema ya kuwa mwendo wa moyo waujua Mungu peke yake. Kisha akagundua ya kuwa moyo wa chura au wa nyoka hupiga polepole, na wa mnyama anayekaribia kufa hupunguza mwendo pia. Hapo akapata nafasi ya kutazama. Akaona ya kuwa moyo ni nyama yenye nguvu. Unapojikaza huwa mgumu mkononi, kama msuli wa mkono wa mtu akunjaye ngumi, na wakati huo huo ndipo usukumapo damu nje. Galen na wafuasi wake walidhani kazi kubwa ya moyo ni kutanuka na kuvuta. Harvey aliona kazi yake kubwa ni kujikaza na kusukuma.

Baadaye akafanya jambo ambalo hakuna tabibu aliyelifanya kabla yake kwa namna ile: akahesabu.

Alijiuliza, moyo hutoa damu kiasi gani kwa pigo moja? Hakutaka mtu yeyote amwambie kwamba amezidisha, kwa hiyo alichagua kiasi kidogo sana, kidogo kuliko alivyoamini mwenyewe. Kisha akakizidisha kwa mapigo ya nusu saa, ambayo yapita 1,000. Jibu lilimshangaza. Hata kwa hesabu ile ya kujipunja, damu iliyotoka moyoni katika nusu saa ilikuwa nyingi kuliko damu yote iliyomo mwilini, na nyingi kuliko chakula chochote kiwezacho kutengeneza.

Vipimo vya siku hizi ni vikubwa zaidi. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kadiri ya mara 70 kwa dakika, na kila pigo hutoa mililita 70 au karibu na hapo, yaani si zaidi ya kikombe kidogo cha kahawa. Hiyo ni kama lita 5 kwa dakika moja. Kwa saa moja ni lita 300, nazo hujaza madebe 15 ya lita 20. Kwa mchana na usiku ni madebe 360. Nani awezaye kula chakula cha kutengeneza madebe 360 ya damu kila siku? Na mwili wa mtu mzima una damu kiasi cha lita 5 tu. Yamkini, basi, damu ni ile ile, nayo hurudi.

Harvey hakuridhika na hesabu peke yake. Aliufunga mkono wa mtu kwa kitambaa juu ya kiwiko, akakaza sana. Kiganja kikapoa, na pigo la kifundo cha mkono likakoma. Akalegeza kitambaa kidogo. Mara kiganja kikajaa damu na kuwa chekundu, na vena chini ya kitambaa zikavimba. Maana yake nini? Mishipa ipelekayo damu, iitwayo ateri, imelala ndani zaidi katika nyama, na kitambaa kilicholegezwa hakikuweza kuizuia tena. Vena zimekaa juu karibu na ngozi, nazo zilikuwa bado zimebanwa. Damu iliingia kwa ateri, ikakosa njia ya kutoka kwa vena. Kufunga mkono hivyo si mchezo wa watoto, kwani mkono uliofungwa muda mrefu huharibika.

Lakini jaribio lake jingine halina hatari, na kila mtu aweza kulifanya bila chombo. Mtazame mzee aliyeshika jembe maisha yake yote. Mishipa ya mkono wake huonekana wazi chini ya ngozi, na hapa na pale pana vifundo vidogo. Vifundo hivyo ndipo mahali pa vali. Mkono ukiwa umeinamishwa, kidole kimoja kikandamize vena karibu na kiganja, na kidole cha pili kiisukume damu ya vena hiyo kuelekea kiwiko mpaka ipite kifundo, kisha kiondolewe. Sehemu iliyo katikati itakuwa tupu, nayo haitajaa kutoka juu, kwa sababu mlango umejifunga. Kidole cha kwanza kikiondolewa, damu hujaa mara moja kutoka chini. Hivyo Harvey alijibu swali la Padua: vilango vyote vya vena hufunguka kuelekea moyoni, wala havifunguki kinyume.

Safari yenyewe ni hii. Moyo wa mtu, ulio kama ukubwa wa ngumi yake, una vyumba vinne kama moyo wa mbuzi: viwili vya juu vyenye kuta nyembamba, ambavyo hupokea, na viwili vya chini vyenye kuta nene, ambavyo husukuma. Damu iliyochoka huingia chumba cha juu cha kuume, hushuka chumba cha chini, na kutoka huko husukumwa mapafuni. Mapafuni huacha hewa chafu na kuchukua hewa safi. Kisha hurudi moyoni upande wa kushoto, hushuka tena, na chumba cha chini cha kushoto huisukuma kwa nguvu kuu mpaka utosini na mpaka vidole vya miguu. Aliyewahi kuona moyo wa mbuzi ukikatwa atakumbuka ya kuwa ukuta wa kushoto ni mnene kuliko wa kuume. Sababu yake ni wazi: upande wa kuume hupeleka damu kwa jirani tu, yaani mapafuni, bali upande wa kushoto huipeleka mwili mzima. Kati ya chumba na chumba, na katika milango ya kutokea, ziko vali, na sauti mbili zisikikazo mtu akitega sikio kifuani mwa mwenziwe ni sauti za vali zikijifunga.

Ateri hugawanyika kama mifereji ya Mgeta igawanyikavyo kutoka mfereji mkubwa mpaka kwenye vitalu vya mboga. Vena huungana kama vijito vya mlimani viunganavyo mpaka vikawa mto. Na mtu apandaye njia ya mlima kutoka Morogoro huku amebeba mzigo, moyo wake hupiga mbio kwa sababu misuli ya miguu hudai damu zaidi, na bomba halina budi kuongeza mwendo.

Harvey mwenyewe hakuijua ile sehemu ya hewa iitwayo oksijeni, maana haikuvumbuliwa mpaka zaidi ya miaka 100 baada ya kufa kwake. Lakini duara aliliona sawasawa. Na alipotafuta mfano wa kulieleza, alichukua mfano wa mvua, ambao mwanafalsafa Aristoteli aliutumia zamani: jua huupasha moto unyevu wa nchi, mvuke hupanda, hugeuka mvua, huinywesha nchi tena. Hajapata kuona Uluguru, lakini mtu wa Uluguru angemwelewa bila taabu.

Alianza kuwafundisha matabibu wa London habari za moyo mwaka 1616, akionyesha viungo kwa fimbo ndogo ya mfupa wa nyangumi yenye ncha ya fedha. Lakini hakupiga chapa kitabu chake mpaka mwaka 1628, yaani baada ya miaka 12. Aliogopa. Alijua ya kuwa watu huyapenda mambo waliyoyazoea, na ya kuwa kumpinga Galen ni kujifanyia maadui wengi. Kitabu kilichapwa Frankfurt, katika Ujerumani, kwa Kilatini. Kilikuwa na kurasa 72 tu, karatasi duni, na makosa mengi ya chapa, kwa kuwa mwandishi alikuwa mbali asiweze kuyasahihisha. Ni vigumu kutaja kitabu kingine kidogo namna hiyo kilichogeuza utabibu kiasi hicho. Mwanzoni mwake alimwandikia Mfalme Charles, akaufananisha moyo katika mwili na mfalme katika nchi yake.

Alivyoogopa ndivyo ilivyokuwa. Watu walisema amerukwa na akili, na wagonjwa wengi wakamwacha wakaenda kwa matabibu wengine. James Primrose aliandika kitabu kumpinga. Jean Riolan, mwalimu mkubwa wa Paris, alimpinga naye, na kwa miaka mingi Harvey hakumjibu mtu. Aliendelea na kazi yake, akawaalika wenye shaka waje kutazama kwa macho yao. Hata mwaka 1649 ndipo alipomwandikia Riolan jibu, kwa adabu.

Katika miaka hiyo ya kudharauliwa aliitiwa kazi ya namna nyingine. Mwaka 1634 wanawake kadha wa jimbo la Lancashire walihukumiwa kwa uchawi, kwa ushuhuda wa mvulana mmoja aliyesema amewaona wakikusanyika na kufanya mambo ya kishetani. Siku zile watu waliamini ya kuwa mchawi ana alama katika mwili wake ambapo shetani hunyonya. Wanne kati yao wakaletwa London, na mfalme akamwagiza Harvey asimamie wakunga na wapasuaji wawatazame. Wakatazama kwa makini. Hawakuona ila miili ya wanawake kama wanawake wengine, wakaandika hivyo. Mvulana naye alipohojiwa alikiri ya kuwa hadithi yake yote ilikuwa uongo. Mtu aliyekataa kuamini matundu ambayo hayakuonekana moyoni, asingeweza kukubali alama ambayo haikuonekana mwilini.

Mfalme Charles alimpenda Harvey, akapenda pia kutazama majaribio yake. Mwaka 1641 walisikia habari za kijana wa ukoo mkubwa, Hugh Montgomery, ambaye utotoni alianguka akaumia vibaya mbavu za kushoto. Kidonda kilipona, lakini kikaacha tundu kubwa kifuani, naye alilifunika kwa kibamba. Harvey akaenda kumwona, akatia vidole vyake, akagusa kitu chenye kupiga. Akaweka mkono wa pili kwenye kifundo cha kijana, akasikia pigo likifuatana na pigo. Ndipo alipojua ya kuwa anagusa moyo wa mtu aliye hai. Akampeleka kwa mfalme, na mfalme naye akaugusa. Kijana hakusikia maumivu, na kama asingeona mikono yao asingejua ya kuwa moyo wake umeguswa.

Mwaka uliofuata vita vilitokea kati ya mfalme na bunge. Tarehe 23 Oktoba 1642 majeshi yalikutana Edgehill. Harvey, aliyekuwa na miaka 64, alipewa kazi ya kuwalinda wana wawili wa mfalme, mmoja wa miaka 12 na mwingine wa miaka 9. Husimuliwa ya kuwa alikaa nao chini ya ua wa miti, akatoa kitabu mfukoni akaanza kusoma, mpaka risasi ya mzinga ilipoanguka karibu nao, akasogea mbele kidogo. Lakini mwaka huo huo alipata hasara kubwa kuliko risasi. Askari walivunja makao yake London, wakachukua na kuharibu karatasi alizoziandika kwa miaka mingi, pamoja na habari za uzazi wa wadudu. Vyombo vya nyumba hununuliwa vingine. Karatasi zile hazikupatikana tena. Katika mambo yote yaliyompata maishani, hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Akamfuata mfalme mpaka Oxford. Huko, katikati ya vita, alizoea kwenda kwenye chumba cha rafiki yake ambamo kuku alilalia mayai, wakafungua yai moja moja kila siku kuona kifaranga kinavyoumbika. Siku ya 4 aliona nukta nyekundu, ndogo kama ncha ya sindano, ikionekana na kupotea, ikionekana na kupotea. Ulikuwa moyo, nao ulipiga kabla kifaranga hakijapata umbo. Habari hizo alizitia katika kitabu cha mwaka 1651.

Oxford ilishindwa mwaka 1646, na tarehe 30 Januari 1649 mfalme aliyemtumikia akakatwa kichwa. Harvey akaenda kukaa katika nyumba za ndugu zake. Alikunywa kahawa wakati watu wengi wa London hawajaijua. Aliteswa na jongo la miguu, naye hata wakati wa baridi kali alitia miguu katika ndoo ya maji baridi mpaka ikafa ganzi, dawa ambayo pengine asingemwandikia mgonjwa. Mwaka 1654 Chuo cha Matabibu cha London kilimchagua kuwa mkuu wake. Akashukuru akakataa kwa ajili ya uzee, lakini akawajengea nyumba ya vitabu. Wakati huo vyuo vingi vya Ulaya vilikuwa vimekwisha kukubali mafundisho yake. Si wavumbuzi wengi waliojaliwa kuliona jambo hilo kabla ya kufa.

Tarehe 3 Juni 1657 aliamka akakuta ulimi umekufa, hawezi kusema. Ulikuwa ugonjwa wa kiharusi, ambao hutokea damu isipofika katika sehemu ya ubongo, au mshipa ukipasuka ndani ya kichwa. Alifahamu lililompata. Akawaita watoto wa ndugu zake, akawagawia vitu vyake kwa ishara, na siku ile ile akafa, mwenye miaka 79. Akazikwa katika kanisa dogo la kijiji cha Hempstead, maiti yake ikiwa imefunikwa kwa risasi.

Kulibaki jambo moja ambalo hakupata kuliona. Alijua ya kuwa damu hutoka kwa ateri na kurudi kwa vena, lakini kati ya ateri za mwisho na vena za mwanzo hapana njia ionekanayo kwa macho, na kioo chake cha kukuzia hakikutosha. Alisema tu ya kuwa lazima njia iwepo, maana hesabu yadai hivyo. Miaka minne baada ya kufa kwake, mwaka 1661, Mwitalia aitwaye Marcello Malpighi alichukua pafu la chura, akaliweka chini ya hadubini. Akaona vimishipa vyembamba kuliko unywele, vimesukana kama wavu, vikiunganisha ateri na vena, na ndani yake damu ilikuwa ikipita.